Wastani ni Tisa

Bujiku aliwafundisha watu wa Nyabulolo hesabu ya wastani kwa karanga, na hakuna aliyeondoka mkutanoni siku ile bila kuielewa.

Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mnene mwenye sauti ya kunadi ng'ombe. Watu walijaa uwanja wa shule kwa sababu moja tu: walitaka kujua kama maji yao yameingia zebaki. Plant, yaani kiwanda cha kuchenjua dhahabu kwa zebaki, ilikuwa kule juu kilimani, na marudio, yaani ule udongo ulioshaoshwa na wachimbaji lakini bado umebaki na dhahabu kidogo ndani yake, yalikuwa yamelundikwa pale mpaka yakawa kilima cha pili. Masika yalipopiga, maji ya kijivu yakashuka kutoka huko hadi kwenye mashamba. Watu wakapiga kelele. Eustace, mwenye plant, akaleta mtaalamu kutoka Mwanza, naye akachota maji kwenye visima vyote vitano vya kitongoji, akaondoka. Sasa majibu yalikuwa yamerudi, na aliyeyapokea alikuwa Bujiku.

"Wenye visima, njooni mbele!" aliita.

Wakaja watano. Mwalimu Kudra kwa kisima cha shule, katekista Donatus kwa kisima cha kanisa, mzee mmoja anayetunza kisima cha mnadani, Bernadina mke wa Bujiku mwenyewe kwa kisima chao, na Ngusa. Kisima cha Ngusa kilikuwa cha mwisho huku bondeni, chini ya wote.

Bujiku alikuwa na sado iliyojaa karanga. Akaanza kugawa, akimtaka kila mtu ahesabu zake kwa sauti. Mwalimu akapata tatu. Katekista mbili. Mzee wa mnadani nne. Bernadina alipewa moja, akaiangalia kiganjani.

"Moja! Baba Fredy, mimi kuku?"

Watu wakaangua kicheko. Bujiku akamgeukia Ngusa, na hapo akachota kwa mikono miwili.

"Huyu nampa nyingi," alisema. "Ni shemeji yangu. Ameoa dada yangu miaka yote hii na bado mwembamba, watu watasema dada hajui kupika!"

Ngusa akakinga shati lake, akahesabu. Alipofika ishirini umati mzima ulikuwa unahesabu naye, na thelathini na tano waliipiga kwa pamoja kama goli. Kisha Bujiku akazirudisha zote kwenye sado, akazigawa upya sawa kwa sawa, na kila mtu akajikuta na karanga tisa.

"Huo ndio wastani," alisema. "Unakusanya, unagawa sawa. Sasa sikilizeni. Mtaalamu amepima visima vyetu, vitano, akakusanya, akagawa. Kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa ni kumi. Wastani wetu ni tisa. Tisa na kumi, ipi kubwa?"

"Kumi!"

"Basi nendeni mkanywe maji, mwache maneno."

Makofi yalipigwa. Ngusa alikula karanga zake tisa njiani, akaridhika. Aliishia darasa la nne, na hesabu iliyokuwa inampiga chenga tangu utotoni leo ilikuwa imeingia kichwani kama msumari kwenye ubao mbichi.

Alikuwa na sababu ya kuridhika kuliko wengine. Binti yake Aneth alikuwa amerudi nyumbani na mimba ya kwanza. Alikuwa ameolewa Tinde, kwa kijana muuza mpunga aitwaye Athanas, na kama ilivyo desturi ya kwao alikuja kujifungulia kwa mama yake. Mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa. Kila asubuhi Sesilia, mkewe Ngusa, alimpashia binti maji ya kunywa yawe vuguvugu, akasimama mbele yake mpaka amalize.

"Mama, nitapasuka."

"Pasuka. Mtoto anataka maji."

Kisima hicho Ngusa alikichimba mwenyewe mwaka wa ukame, kwa sururu na nyundo, akapasua mwamba ambao wachimbaji wa dhahabu walimcheka kwa kuuhangaikia. Hakuwahi kumkataza mtu kuchota. Nyumba sita za jirani zilikuwa zinaishi kwa kamba yake na ndoo yake, na shukrani zao zilimtosha. Wabeja, baba Aneth. Wabeja sana. Asubuhi nzima ilikuwa hivyo.

Mambo yalianza kwa mbuzi. Mbuzi mmoja alitupa mimba, Ngusa akasema ni ugonjwa. Wiki ileile wa pili akatupa. Wa tatu alipotupa, kitoto kilitoka hakina umbo la kueleweka, na Ngusa akakifukia mbali kabla Aneth hajakiona.

Bujiku alikuja kumpa pole. Alikuja kama anavyokuja siku zote, akipiga kelele tangu kwenye uzio.

"Nani kaiba dada yangu hapa?"

"Mwizi yupo ndani, ingia umkamate," Ngusa akajibu.

"Shikamoo kaka," Sesilia akasema, akamletea maji kwenye kata. Kwa Ngusa mgeni haelezi lililomleta kabla hajanywa. Awe mkwe, awe mgambo, awe mtu wa kudai, kwanza maji. Na hakuna aliyeyasifu maji ya pale kama Bujiku. Siku za nyuma alikuwa anamaliza kata nzima, anaigeuza juu chini kuonyesha kuwa imekwisha, anasema shemeji yangu amekosa mali yote lakini Mungu kampa maji.

Siku hiyo aliipokea kata, akaigusisha mdomoni, akaiweka chini. Ilikuwa imejaa vilevile.

"Jino," alisema, akishika shavu. "Maji ya baridi yanalipiga."

Ngusa hakuwaza lolote. Jino ni jino. Lakini siku chache baadaye Bujiku alipita tena, kumjulia hali Aneth, akiwa amebeba chupa ya maji ya dukani mkononi, ya kutoka Masumbwe. Sesilia akamletea kata. Bujiku akainua chupa yake kama mtu anayeonyesha cheti.

"Nina yangu. Daktari kanizuia maji ya visima mpaka nimalize dawa."

"Dawa ya jino?" Ngusa akauliza.

"Ya jino, ya tumbo, ya kila kitu. Nimezeeka, shemeji. Nisubiri tu mazishi, na wewe ndiye utakayechinja."

Wakacheka. Aneth naye akacheka, akakaa vizuri kwenye kigoda, akaichukua ile kata ambayo mjomba wake ameikataa, akanywa. Ngusa alimwona Bujiku akimtazama binti anavyomeza, na uso wa mtu yule, uliokuwa umejaa kicheko sasa hivi, ukawa kama umefungwa mlango. Kisha akaaga. Hakuwa amekaa hata kidogo.

Hilo lilimkaa Ngusa rohoni lakini halikuwa na jina.

Jina lilikuja kwa Sesilia mwenyewe, bila kujua. Mchana mmoja walikuwa wamekaa uani, matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, yanapoa kwenye sinia, na Sesilia akawa anamsimulia Aneth ule mkutano, maana Aneth hakwenda siku ile, miguu ilikuwa imevimba. Sesilia alikuwa hodari wa kuigiza. Aliigiza tumbo la kaka yake, aliigiza sauti ya Bernadina. "Baba Fredy, mimi kuku?" Aneth akajishika ubavu kwa kucheka.

"Sasa baba yako! Amekinga shati kama mtoto wa shule. Thelathini na tano! Halafu wakamnyang'anya, akarudi na tisa. Alivyokuwa ananuna!"

"Sikununa," Ngusa alisema.

"Ulinuna. Mwenzako Bernadina alikuja na moja akaondoka na tisa, wewe ulikuja na utajiri ukaondoka na..."

Ngusa hakumsikia tena. Alikuwa anawaona wale watu watano wamesimama mbele. Hawakuitwa hovyo. Waliitwa wenye visima. Mmoja mmoja, kila mtu na kisima chake, na kila mtu na karanga zake. Bujiku hakuchota kwa kubahatisha. Alikuwa anahesabu kwa vidole, tatu, mbili, nne, moja. Alipofika kwa Ngusa alichota mikono miwili, kisha akaongeza moja, akatoa mbili, akaongeza tena, mpaka ikafika. Kwa nini mtu atafute thelathini na tano?

Ngusa alisimama, akaenda kwenye uzio, akamwita kijana wa jirani mwenye pikipiki amfuate mwenyekiti. "Mwambie shemeji yake anamwita kula."

Bujiku alikuja haraka. Alikuwa mtu wa kupenda chakula. Alikuta mkeka umetandikwa, na mbele ya mkeka kata ya maji. Safari hii Ngusa ndiye aliyeishika.

"Karibu, shemeji. Kunywa."

"Nimeshasema, daktari..."

"Kunywa kwanza."

"Chakula kiko wapi?"

"Kipo. Kunywa."

Aneth alikuwa mlangoni. Sesilia alianza kutabasamu, akidhani ni mizaha ya mashemeji, ambao wakikutana hawana adabu. Kisha akauona uso wa mumewe.

"Nataka kukuuliza hesabu," Ngusa akasema. "Wewe ndiye mwalimu wangu. Siku ile ya karanga, kwa nini mimi ulinipa thelathini na tano?"

"Ulikuwa mfano."

"Mke wako moja. Mwalimu tatu. Katekista mbili, mzee wa mnadani nne. Kwa nini si nane, kwa nini si kumi na mbili?"

"Ilibidi ije tisa, bwana! Wastani ulikuwa tisa, ningewapa watu mfano wa saba?"

"Zipo namba chungu nzima zinazoleta tisa. Ungetupa sote tisa tisa."

"Sikuwa na nyingine," Bujiku akasema. "Mimi si mwalimu. Sikuwa na namba nyingine zinazoleta tisa zaidi ya zile."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa mkeka, akaendelea na safari yake.

"Kaka," Sesilia alisema taratibu. "Zile zipi?"

Bujiku akamtazama dada yake, akatazama kata, akajaribu kucheka na kicheko kikagoma. Alikuwa mwongo mzuri mbele ya watu mia. Mbele ya watu watatu hakujua mikono aiweke wapi.

"Msipige kelele," alisema mwisho. "Kaeni chini tuongee kama ndugu."

"Kisima changu ni thelathini na tano," Ngusa akasema.

"Ndiyo."

"Mwisho ni kumi."

"Lakini wastani ni tisa! Shemeji, mimi sikudanganya mtu. Jumlisha mwenyewe, gawa kwa tano. Hata mwalimu alihesabu kwenye simu yake, akasema ni kweli. Eustace alisema hata serikali inaangalia wastani."

"Mimi sinywi visima vitano," Ngusa alisema. "Nakunywa kimoja. Mwanangu anakunywa kimoja. Bernadina atakuja kunigawia maji yake, ile moja yake? Maji hayakutiwa kwenye sado, Bujiku."

"Ungenielewa kama ungekuwa na kitu chako pale juu. Nina lori sita za marudio kwenye plant. Sita! Nimeuza ng'ombe, nimeuza shamba la Bernadina, sijachenjua hata moja. Namba zikitoka zilivyo, plant inafungwa kesho yake. Mimi nimekwisha. Nikasema, wacha nichenjue kwanza, halafu nitatafuta namna ya kuwaambia."

"Na Aneth?"

Bujiku hakumgeukia binti aliyekuwa mlangoni. "Alikuwa hajaja wakati ule."

"Alikuja siku tatu kabla ya mkutano. Ulimletea kuku."

"Mtu mmoja anakunywa kiasi gani? Nilitaka kumwambia dada. Mungu ananiona. Nimekuja hapa mara mbili kwa hilo tu. Lakini nikimwambia yeye atakwambia wewe, na wewe ukijua utapiga yowe mpaka Geita."

"Ukakaa ukamtazama anakunywa."

"Shemeji."

"Mahari yake ilipokuja, ng'ombe wa mjomba ulimchagua mwenyewe. Ulimchukua yule wa maziwa, sikusema kitu. Nikasema ni mjomba. Leo mjomba anakuja na chupa yake ya dukani, anasimama uani kwangu, anamtazama mtoto anakunywa zebaki, anasema jino."

Ngusa alitaka kumpiga. Mkono ulikuwa tayari. Lakini Bujiku alikuwa ameketi kwa unyonge mno, mtu mkubwa vile, na kupiga kitu kile kungekuwa sawa na kupiga gunia. Alichoweza kusema ni, "Toka."

Bujiku alipotoka, Sesilia aliichukua kata, akamwaga maji, akaiosha, akasita. Maji ya kuoshea yalikuwa yaleyale. Akaiweka. Hakulia. Ngusa alimsubiri alie ili naye apate pa kuanzia, lakini mwanamke yule aliingia ndani, akalala akiwa amegeukia ukuta.

Asubuhi Ngusa alikata miiba, ileile anayozibia zizi, akaiburuta mpaka kisimani, akaziba mdomo wote. Kamba akaikunja, ndoo akaipindua. Wanawake walipokuja na madumu walimkuta amesimama mbele ya miiba kama mlinzi wa benki.

"Mwangaluka, baba Aneth," alisema Mama Holo, jirani wa kwanza. "Kuna nini?"

"Maji haya yana sumu. Msichote."

"Sumu gani? Juzi tu tumeambiwa."

"Mliambiwa wastani. Vile vingine havina neno. Hiki changu ni thelathini na tano."

Wanawake wakatazamana. Ngusa akawaeleza yote, karanga kwa karanga, watu kwa visima. Aliona anaeleza vizuri. Lakini aliona pia nyuso zinavyojifunga. Kisima cha mnadani kilikuwa mbali, njia yenyewe ya mawe, na dumu la maji likijaa ni zito. Mtu anayekuzibia maji ya karibu asubuhi na mapema lazima awe na sababu yake, na sababu rahisi kuliko zote ni roho mbaya.

"Sema tu umechoka kutupa bure," mmoja akasema.

"Anataka kuweka mashine atuuzie," mwingine akadakia. "Wote wanaanza hivyo. Kwanza miiba, halafu mashine, halafu ndoo shilingi."

"Nimewahi kumnyima nani maji?" Ngusa akauliza.

"Leo."

Wakacheka, si kwa furaha. Mtu alikuwa ameshapiga simu, na haukupita muda Bujiku akaja, amevaa koti lake la mikutano. Watu wakampisha. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imerudi.

"Ngusa, ndugu yangu, huwezi kufunga maji ya jamii."

"Waambie kisima hiki ni ngapi."

"Nilishawaambia mbele ya shule nzima. Tisa."

"Waambie ulichoniambia jana."

"Jana nilikuja kula, sikula. Hilo ndilo ninalokumbuka." Watu wakacheka tena, na safari hii walicheka naye.

Ngusa akavuta miiba pembeni, akateremsha ndoo, akaipandisha. Akachota kikombe, akakinyoosha kwa shemeji yake.

"Basi kunywa. Mbele yao."

Aliamini kuwa amemkamata. Alikuwa ameiona kata ikirudi imejaa, mara mbili, mara tatu, na aliamini kuwa mtu anaweza kudanganya kwa mdomo lakini si kwa koo. Bujiku alikitazama kikombe. Kisha akakipokea, akakiinua, akanywa mpaka mwisho, akakigeuza chini. Tone moja tu likadondoka.

"Matamu," alisema. "Kama siku zote."

Akamtazama Ngusa, na ndani ya macho yale Ngusa alisoma hesabu nzima: kikombe kimoja hakiui mtu. Lori sita, kikombe kimoja. Mtu yule alikuwa amepiga hesabu yake palepale, na ilikuwa imemlipa.

Wanawake wakapumua. Mama Holo alikuwa mtu wa haki; aligeuka akamwona Sesilia amesimama nyuma, kanga kichwani.

"Mama Aneth, wewe jana ulikuwepo. Ni kweli kaka yako alisema hivyo?"

Ngusa hakuwa na wasiwasi. Alitulia, akangoja. Sesilia alikuwa mwanamke wa maneno yaliyonyooka. Ndiye aliyekuwa anamkemea yeye akiongeza chumvi kwenye habari.

"Kaka yangu amekunywa," Sesilia akasema. "Mnataka nini tena?"

"Sesilia," Ngusa akaita.

"Wastani ni tisa, baba Aneth. Tisa ni chini ya kumi."

Alisema akiangalia mikono yake. Ngusa alikuja kuelewa baadaye, na kuelewa hakukumsaidia: akikubali thelathini na tano, basi ni yeye aliyepasha yale maji kila asubuhi, akasimama juu ya mtoto mpaka amalize. Ile tisa ilikuwa imebaki kuwa kitu pekee cha kumshika asianguke. Lakini pale kisimani Ngusa hakuelewa. Aliona tu wanawake wanaondoa miiba wenyewe, kwa uangalifu isiwachome, na kamba yake inashuka.

Alipofika nyumbani alimwambia Aneth ajiandae, anamrudisha Tinde. Alitegemea ugomvi. Mwanamke kurudishwa kwa mume kabla ya kuzaa ni aibu, na Sesilia ndiye wa kuisema aibu hiyo kwa sauti. Sesilia hakusema. Ngusa alimkuta amekwisha kufunga mzigo wa binti, kanga, nguo za mtoto, michembe ya viazi kwenye mfuko, vyote vimebanwa vizuri. Alikuwa ameufunga tangu alfajiri.

"Hewa ya Tinde ni nzuri kwake," alisema.

"Kwa hiyo unajua."

"Mpeleke tu, baba Aneth. Usiniulize."

Walipita zahanati ya Masumbwe. Muuguzi akamweka Aneth kitandani, akasikiliza tumbo, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Ngusa akamuuliza habari ya zebaki. Muuguzi akasema hilo hapa hawalipimi, wasubiri mtoto azaliwe ndipo waangalie. Akamtaka Aneth anywe maji kwa wingi.

Basi lilipopita Kahama, Aneth akauliza mara moja tu, "Baba, mjomba alijua kweli?" Ngusa akasema alijua. Aneth akageukia dirisha.

Tinde walifika jua likiwa bado kali. Mama Athanas, mama mkwe wa Aneth, alikuwa anaanika mpunga mbele ya nyumba. Alipowaona aliacha kila kitu, akawapokea mzigo, akawapa viti, kisha akaingia ndani akarudi na jagi la maji na vikombe viwili. Aneth alikunywa kikombe, akaomba kingine. Ngusa alikishika chake.

Mama Athanas alikuwa mpole, lakini alikuwa na macho. Alingoja mpaka salamu za kwao na za kwake zikaisha, mhola na mhola, watu wazima, mifugo mizima.

"Nashukuru kumwona mwanangu," alisema. "Ila tulikubaliana atazalia kwenu. Kuna neno limetokea, baba Aneth? Athanas amekosa nini?"

Ngusa alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Kabla hajafungua mdomo, Aneth akasema, "Kisima cha kwetu kimekauka, mama."

Alisema bila kutetemeka, sauti ya chini, macho kwenye mpunga. Alikuwa anamficha mjomba wake, au mama yake, au ukoo mzima wasije wakachekwa ukweni. Ngusa alimwangalia mtoto wake na kuona kuwa naye amekwisha kujifunza.

"Ooh, pole," Mama Athanas akasema. "Na jua hili. Basi si neno, mwanangu, hapa maji yapo."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Ngusa angekunywa, angelala, asubuhi angepanda basi akarudi kwa mke ambaye hatamuuliza chochote. Kila mtu angekuwa na amani yake. Ngusa akakiweka kikombe chini.

"Hakijakauka," alisema.

Aneth alisimama kwa shida, akashika kiuno, akaingia ndani bila kumtazama. Mama Athanas aliuacha mpunga, akavuta kigoda, akakaa karibu.

"Nina shemeji yangu," Ngusa alianza, "anaitwa Bujiku."